Kadi Iliyojaa

9 Januari

Mdogo wangu,

Marahaba ya mapema, maana najua shikamoo yako itachelewa kufika.

Nilifika salama. Njia nzima ndani ya basi nilikuwa nikihesabu niliyokwambia na niliyosahau, na sasa nayarudia kwa maandishi kwa sababu wewe ukiambiwa kwa mdomo unaitikia "ndiyo dada" huku macho yako yako kwenye kitambaa.

Baba ana kifua kikuu, na kifua kikuu kinapona. Vidonge vinne kila asubuhi, miezi sita, bila kuruka siku. Kwa kawaida mgonjwa huenda kliniki kila siku akameza mbele ya nesi. Baba nilimwombea amezee nyumbani, kwa kuwa unamjua: mweke kwenye foleni ya saa tatu, ya kwanza atavumilia, ya pili hatatokea. Daktari alikataa. Nikamwambia mimi ni muuguzi wa kifua kikuu mwaka wa kumi na moja huu, nikasaini fomu kwamba namdhamini, na wewe ukaandikwa msimamizi wa dawa. Nilitoka pale nikitembea kama niliyeshinda kesi.

Kazi yako ni hii. Unampa, anameza ukimtazama, unamwambia aseme neno lolote ili ujue mdomo uko mtupu, ndipo unaweka alama ya vema kwenye kisanduku cha siku hiyo katika kadi ya kliniki. Kisanduku kimoja, siku moja. Mkojo wake utakuwa na rangi ya machungwa kwa sababu ya kile kidonge chekundu. Msishtuke, ndiyo dawa inavyopita mwilini.

Akilalamika, mwambie avumilie. Kila mtu hulalamika mwanzoni.

Msalimie wifi yangu, na umwambie akukumbushe. Yeye ana kichwa.

Dada yako

*

4 Februari

Dada, shikamoo,

Au nikuite Sista Kanuni, maana barua yako niliisoma nikasimama wima kama niko paredi.

Samahani kwa kuchelewa. Nimepata kazi ya sare za shule, mia tatu na arobaini, na mwalimu mkuu anapita kibandani kila jioni kuangalia nimefika wapi. Natoka nyumbani kabla hakujapambazuka vizuri, nakunywa chai nikiwa nimesimama, wifi yako anasema hata usingizini mguu wangu unakanyaga cherehani.

Baba yuko gereji kama kawaida, ukimkataza ni kama hujasema. Wiki iliyopita mtu alileta gari lililowashinda mafundi watatu. Baba akaweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho kidogo, akasema valvu ya tatu. Wakafungua, ikawa valvu ya tatu. Wale mafundi waliondoka bila kuaga.

Kadi imejaa kama ulivyotaka, hakuna kisanduku kilichoachwa. Nesi wa chumba namba saba pale kliniki aliihesabu kwa kidole, akagonga muhuri, akasema laiti wote wangekuwa kama sisi. Baba alitaka kumweleza habari ya viungo kumuuma, akaambiwa meza tu mzee, ni kawaida, na jina la mtu mwingine likaitwa. Hatukukaa hata dakika nne, kwa hiyo nilifurahi, nilikuwa nimeacha kola mezani.

Na ile rangi uliyotutisha nayo, ondoa wasiwasi. Nilimuuliza, akasema ilitokea wiki ya mwanzo, sasa ni kama zamani. Nadhani mwili wake umeizoea dawa.

Mdogo wako, Chapuchapu

*

23 Machi

Mdogo wangu,

Asanteni kwa kunipokea. Siku mbili zilikuwa chache, na nusu yake niliimaliza nikikufuata kibandani kuongea na mgongo wako.

Baba nimemwona amenenepa kidogo, na kikohozi kimepungua. Ananiambia vidole vinamuuma. Nimemwambia ni dawa, avumilie, imebaki miezi michache. Alinitazama kama anayesubiri niendelee, ila nilikuwa nawahi basi.

Kadi nimeiona. Ni safi sana. Nikuambie kitu: kadi za wagonjwa wangu zina madoa ya chai, alama nyingine zimekwaruzwa, nyingine za penseli. Si lazima utumie kalamu ileile kila siku. Tumia inayokuwa karibu.

Ile ya miezi miwili ya kwanza nimeichukua, nimewaachia nakala iliyogongwa muhuri. Hapa kazini wanataka kuanzisha mpango wa wagonjwa kumeza nyumbani, na mimi nimeombwa nieleze unavyofanya kazi. Nafasi ya msimamizi wa kliniki iko wazi pia. Sitaki kusema mengi nisije nikajiharibia.

Endelea vivyo hivyo.

Dada yako

*

15 Juni

Dada, shikamoo,

Naandika nikiwa kwenye benchi la kliniki, karatasi iko juu ya goti, usiulaumu mwandiko.

Makohozi ya baba yamepimwa tena. Vijidudu bado vipo. Mwezi wa tano wa dawa, dada, na bado vipo. Daktari alifungua kadi, akaifunga, akaifungua tena. Akasema mgonjwa aliyemeza dawa zote hivi na bado hajapona, basi ugonjwa wake umekuwa sugu, vidonge peke yake haviuwezi. Anataka achomwe sindano kila siku isipokuwa Jumapili, mpaka zifike hamsini. Akaongeza haraka haraka kwamba kuna wanaopata shida ya masikio, ila si wote.

Baba aliuliza shida gani. Daktari akasema tutaangalia.

Wanataka kuanza Jumatatu ijayo. Tangu asubuhi nimekaa na kusimama mpaka mama mmoja hapa ameniomba nitulie, namchosha. Nishauri upesi. Hii nampa dereva wa basi la asubuhi ailete mkononi.

Mdogo wako

*

17 Juni

Mdogo wangu,

Daktari akisema sindano, ni sindano. Usugu si jambo la mchezo, na kadi ndiyo inayomwongoza, hana kingine cha kumwongoza. Mwambie ampime masikio kabla hajaanza, aandike. Wengi husahau.

Nijibu swali moja tu, kwa barua, usimpe mtu mwingine aisome: baba alikuwa akimeza mbele ya macho yako?

Dada yako

*

3 Julai

Dada, shikamoo,

Swali lako nimelibeba mfukoni zaidi ya wiki mbili. Nikitoa chaki inatoka nalo.

Masikio hawakumpima. Nilipowaambia, nesi alisema kifaa kiko kwa fundi. Amechomwa kumi na moja. Juzi mteja alileta gari, baba akasikiliza kwa bisibisi sikio hili, akahamishia lile, akarudi la kwanza. Akasema ni plagi. Wakabadilisha plagi, gari likafika barabara kuu likazima na moshi juu. Mteja alirudi akiwa na hasira, na baba hakubishana naye. Alisema bisibisi imepinda. Kwangu akasema kuna nyenze kichwani, wanalia mchana kutwa.

Jana nati ya kanyagio la cherehani ilipotea, nikaenda kwenye kopo lake la nati kutafuta inayofanana. Nikamimina kopo lote juu ya benchi. Dada, katikati ya nati kulikuwa na vidonge. Nilivihesabu vyote, mia mbili na kumi na viwili, vingine vimeshika kutu.

Nilimfuata nikamuuliza. Hakukana, hata hakuonekana kushtuka. Alisema, "Siku yenye kazi simezi. Nikimeza, vidole havikunjiki, spana inaniponyoka. Nilimwambia nesi, nikamwambia na dada yako alipokuja. Wote walisema nivumilie. Nikavumilia siku zisizo na kazi."

Na mimi sasa. Unajua ninavyofanya kazi: kola nakata kumi kwa mpigo, matundu ya vifungo napiga ya wiki nzima siku moja, ndiyo maana mia tatu na arobaini zinaisha. Kadi niliifanya vilevile. Jumapili nilikaa nayo nikaweka alama za wiki nzima inayokuja, asubuhi nisihangaike na kalamu. Baadaye nikawa naweka za mwezi. Vidonge nilimwachia kwenye kifuniko cha chupa kando ya chai, nikatoka mbio. Jioni kifuniko kilikuwa kitupu, basi nikaona kazi imekwenda.

Kwa hiyo jibu ni hapana. Hakumeza mbele ya macho yangu, ukiondoa wiki ile ya kwanza. Hakuna usugu wowote, dada. Kuna mimi. Na kila asubuhi namshika mkono kumpeleka akachomwe kwa ajili ya alama zangu.

Niambie la kufanya. Nataka kwenda kwa daktari kesho, ila nasubiri neno lako.

Mdogo wako

*

7 Julai

Umenivua nguo.

Nilisaini. Nilisimama mbele ya daktari yule nikasema familia yetu ni ya kuaminika. Kadi hiyohiyo nimewaonyesha wauguzi kumi na wawili hapa, nikawaambia hivi ndivyo inavyotakiwa. Wewe ulikuwa unashona.

Usiende kwa daktari. Unisikie vizuri. Ukienda wewe utaharibu, utaongea mbio mbio na hatakuelewa. Usaili wangu ni tarehe 22. Tarehe 24 nitakuja mwenyewe, nitaongea naye kitaalamu, tutapata njia ya kulieleza jambo hili bila kumwangusha mtu. Sindano za siku chache hazitamuua baba.

Vile vidonge vitupe.

Dada yako

*

13 Julai

Dada,

Barua yako nimeisoma mara tatu, zote nikiwa nimesimama. Hukumuulizia baba anaendeleaje, basi nakwambia. Akitoka chooni anashika ukuta. Anasema sakafu imelegea. Wifi yako akimwita kwa nyuma hageuki, na kwa mbele anamtazama midomo. Sindano ya leo ilikuwa ya kumi na tisa.

Nilikwenda kwa daktari. Nisamehe, ila naona ningekwenda hata ungenifungia ndani. Nilichukua namba, nikakaa, nikasimama, nikatoka nje, nikarudi. Nilipoingia niliweka vidonge mezani kwake ndani ya leso, nikamweleza yote, na kweli niliongea mbio mbio. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema ndugu wa wagonjwa wakishaona sindano zinauma, wengi huja na hadithi kama hiyo, na vidonge ni rahisi kupata. Akanionyesha kadi. Nikamwambia alama hizi ni zangu, nilizipiga Jumapili. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mtu anayeniambia jana alidanganya, leo nimwamini kwa lipi?"

Si mtu mbaya, dada. Nje kulikuwa na watu sitini wanamsubiri, na mimi nilikuwa nimekaa na karatasi yenye muhuri inayonipinga.

Amesema akiacha sindano kwa neno langu, na usugu ukawa wa kweli, atakuwa amemwua baba. Atakayemsikiliza ni mdhamini, tena kwa maandishi. Yaani wewe. Tarehe 24 sindano zitakuwa ishirini na tisa.

Mwaka huu wote nimekuandikia nilichodhani unataka kusikia. Leo sijui unataka kusikia nini, kwa hiyo nimeandika yaliyotokea.

Mdogo wako

*

16 Julai

Kwa Daktari,
Kliniki ya Kifua Kikuu.

YAH: MGONJWA WA KADI NAMBA 48

Husika na somo hapo juu.

Mimi ni binti wa mgonjwa aliyetajwa na ni mdhamini wake. Naomba sindano zake zisimamishwe leo, siku utakayosoma barua hii, kabla ya ile ya leo.

Maelezo aliyokupa mdogo wangu ni ya kweli. Kadi ile ilijazwa kabla ya siku zake. Mgonjwa hakumeza dawa ipasavyo, na kwa hiyo kutopona kwake hakuthibitishi usugu.

Utaniuliza nimejuaje, nikiwa mbali. Mwezi wa pili mdogo wangu aliniandikia kwa furaha kwamba mkojo wa baba umerudi rangi yake ya zamani. Yeye ni fundi cherehani, hakujua alichokuwa ananiambia. Mimi nilijua palepale kwamba dawa haimezwi ipasavyo, nikiwa na barua mkononi. Mwezi wa tatu nikaenda, nikaishika kadi: alama sitini, wino mmoja, zimelala upande mmoja, zimepangana kama mshono. Kwa miaka kumi na moja kazi yangu imekuwa kuzitambua kadi za namna hiyo, na nimewafukuza watu foleni kwa ajili yazo. Hii niliikunja nikaiweka kwenye mkoba. Nikamshauri mdogo wangu abadilishe kalamu.

Sikusema kwa sababu nilikuwa nimeweka sahihi, na kwa sababu kuna cheo nilikuwa nakitaka. Nilijiambia vidonge anavyomeza vitatosha. Baba aliponiambia vidole vinamuuma sikumuuliza hata swali moja: ni vidole vipi, siku gani, akifanya nini. Ningemuuliza mgonjwa wa kitanda namba yoyote. Yeye nilimwambia avumilie, nikawahi basi.

Tarehe 7 mwezi huu nilipopata ushahidi wa vidonge, niliagiza vitupwe na nikaagiza wewe usiambiwe. Sindano tisa alizochomwa tangu siku hiyo ni zangu kabisa, hazimhusu mdogo wangu.

Kama masikio yake hayakupimwa mwanzoni, naomba yapimwe sasa, hata kwa kumnong'oneza kutoka nyuma.

Nakala ya barua hii nimempelekea mkuu wangu wa kazi.

Wako,
Muuguzi, mdhamini wa mgonjwa

Nakala: Mganga Mkuu wa hospitali ninayofanya kazi

*

21 Julai

Dada, shikamoo,

Dereva alifika na barua Ijumaa saa mbili, nikakimbia nayo. Baba alikuwa ameshakunja mkono wa shati. Daktari aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akamwambia nesi aweke sindano chini. Zikaishia ishirini na mbili.

Kisha alikaa, akampa baba kiti, na akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona chumba namba saba. Akasema, "Mzee, hebu niambie mwenyewe, unajisikiaje?" Baba alikuwa anatazama dirishani. Daktari akarudia mara ya pili, mara ya tatu, mpaka nikamgusa baba bega. Hakuwa amesikia.

Wamempima. Sikio la kulia karibu limekwisha, na daktari amesema wazi kwamba halitarudi. La kushoto limepungua, ila linasikia. Sasa ameanzishiwa vidonge vilevile upya, anamezea pale pale kliniki kila asubuhi, na amepewa dawa ya viungo. Kumbe ipo, dada. Ilikuwa kwenye kabati la chumba hichohicho. Vidole vinakunjika. Injini hazisikilizi tena, anawaambia wateja wazipeleke kwa mwingine, yeye abadilishe matairi tu.

Mimi namsindikiza na kusubiri mpaka aseme neno. Sare za muhula mpya nimewarudishia shule themanini, wamempa fundi mwingine.

Barua yako daktari alinipa niisome. Nilipofika pale pa mkojo nilikaa chini kwenye ngazi. Sikujua nikasirike au nicheke. Niliona kosa ni langu peke yangu, nikawa silali, siketi, nimemkaripia wifi yako kwa mambo yasiyo na kichwa wala miguu, kumbe wakati wote tulikuwa wawili. Nina hasira na wewe, nisikufiche. Na pia nimeona ile nakala uliyoipeleka kwa mkuu wako, na najua kesho ndiyo ilikuwa tarehe 22, siku ya usaili wako. Sijui nichanganye vipi mambo hayo mawili, kwa hiyo nimeyaacha kila moja mahali pake.

Baba alitaka asomewe. Nilimsomea yote, na sehemu nyingine nilirudia kwa sauti kubwa mpaka majirani wakachungulia. Nilipomaliza alikuwa anasugua vidole. Nikamuuliza nikuandikie nini.

Akasema, "Asiniandikie. Aje aniambie mwenyewe, na akija akae kushoto."

Mdogo wako